Kulanti ya lori la dizeli: ipi ununue ukiwa Malindi

Malindi hakugandi maji, kwa hivyo madereva wengi huona kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, ni mambo ya watu wa baridi. Wanajaza maji ya kisima, safari inaendelea. Lakini lori lililosheheni chumvi ya Gongoni likipanda Mazeras jua la saa saba, baridi si hoja. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Glaikoli, ambayo ndiyo kiini cha kulanti, na maji safi, nusu kwa nusu, hufika karibu 108, na kifuniko cha rejeta kikiwa kizima shinikizo huongeza nyuzi nyingine kadhaa.

Kubwa zaidi ni silivu, yaani mikebe ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Injini nyingi kubwa za lori zina silivu zinazoguswa na maji moja kwa moja kwa nje. Pistoni ikipiga, silivu hutetema, viputo vidogo huzuka na kupasuka juu ya chuma, na kila kimoja hudonoa. Vidonda hivyo huchimba mpaka vitokeze ndani. Maji yanaingia kwenye oili na stiki ya oili inatoka na rangi ya chai ya maziwa. Hapo ni kushusha injini. Kulanti ya injini nzito za dizeli ina dawa ya kuzuia hilo, ile ya gari dogo huenda haina.

Ninayoiweka ya kwanza ni iliyokwisha kuchanganywa, ya dizeli nzito, ya muda mrefu. Tafuta maandishi ASTM D6210 kwenye mtungi, ndicho kiwango cha ubora cha kulanti ya injini nzito. Ukikuta D3306 peke yake, hiyo ni ya magari madogo. Bei inauma, ila tatizo letu hapa ni maji. Visima vingi vina chumvi na chokaa. Angalia birika lako linavyoota ukoko mweupe, kisha fikiria ukoko huo ndani ya mirija ya rejeta. Mtungi uliochanganywa kiwandani unakuepusha na yote hayo.

Ya pili ni ya dizeli nzito pia ila haijachanganywa na maji, unaichanganya mwenyewe. Mwenye malori mawili matatu uani naona aanze na hii, kwa sababu mara nyingi lita moja hushuka bei. Changanya na maji ya betri, yaani yale yaliyotoneshwa, na usome chupa vizuri: asidi ya betri huuzwa rafu hiyo hiyo. Wala usiimimine tupu ukidhani unaizidishia nguvu. Glaikoli peke yake hubeba joto vibaya kuliko ikiwa na maji, basi usipite asilimia 60.

Ya tatu ni ile ya kizamani, ya kubadilisha kila miaka 2 hivi. Lori kuukuu lenye rejeta ya shaba inalifaa, mradi ina kinga ya silivu.

Maji matupu ni ya kukufikisha gereji tu.

Rangi isikudanganye. Kila kiwanda hutia rangi kinayoitaka: kijani, nyekundu, waridi, njano. Mtungi usiotaja glaikoli wala kiwango chochote huenda ni maji yaliyotiwa rangi, hata muuzaji aape. Na usijazilize aina moja juu ya nyingine kwa kuwa rangi zimefanana. Dawa zake huweza kuuana. Kama hujui kilichomo, mwaga yote, suuza, anza upya.

Ukishaijaza, kazi si nyingi. Pima asubuhi injini ikiwa baridi, kulanti iwe kati ya alama mbili za tangi. Kifuniko cha moto usikiguse. Kiwango kikishuka na huoni tone chini, kagua oili kabla ya safari. Mapezi ya rejeta yaoshe kwa maji baridi toka upande wa injini kwenda nje, hasa lori linalolala karibu na bahari, maana chumvi na vumbi hushikana humo kama saruji. Mpira wa rejeta uliolainika au kupasuka mdomoni badilisha pamoja na klampu yake.

Kulanti chafu ikusanye kwenye mtungi wenye kifuniko. Ni tamu na ni sumu. Mbuzi ataiona kwenye beseni kabla yako, na mtoto pia.