Kamera za briji kwa mpiga picha wa Mtwara na Lindi: ipi ununue, ipi uiache

Nianze na jibu, maana wengi wanaouliza wanunue kamera gani ya briji tayari wako kwenye simu na muuzaji wa Kariakoo. Kama hela ipo na unapiga kila kitu, kuanzia ngoma za Newala hadi nyangumi wa Msimbati, chukua Sony RX10 IV. Kama hela haijafika huko, chukua Panasonic FZ1000 II. Ya tatu ni Nikon P950, kwa mtu wa ndege wa mikoko na vyombo vya baharini. Ya nne ni Canon SX70 HS. Nikon P1000 naiweka mwisho, ingawa ndiyo inayosifiwa kuliko zote kwa sababu inavuta mpaka mashimo ya mwezi yanaonekana.

Zote hizi ni kamera za briji: zina umbo la kamera kubwa ya kazi, ila lenzi haibadilishwi. Unanunua mwili na lenzi moja inayotakiwa kufanya kazi zote. Kwa mtu wa Arusha au Dodoma huo unaweza kuonekana upungufu. Kwa sisi wa pwani ya kusini ni sababu nzuri ya kuzifikiria. Ukiwa ufukweni Msimbati upepo unapovuma, au ndani ya mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani, kufungua kamera ubadilishe lenzi ni kuikaribisha chumvi na mchanga moja kwa moja juu ya sensa, kile kipande kinachonasa picha. Kamera ya briji haifunguliwi, na kutoka milimita 24 (upana) hadi 600 (mbali) ni kuzungusha mkono tu.

Pima mwanga kabla ya zumu

Muuzaji atakutajia zumu kwanza: mara 65, mara 83, mara 125. Wewe muulize sensa. SX70, P950 na P1000 zina sensa ndogo ya inchi 1/2.3, yenye eneo la milimita za mraba 28 hivi. RX10 IV na FZ1000 II zina sensa ya inchi 1, yenye milimita za mraba 116. Hiyo ni mara nne na zaidi, na utaiona tofauti jua likishazama: sensa ndogo inaanza kutoa chenga mapema, ngozi za watu zinapoteza rangi, na manyoya ya ndege yanageuka kitu kilichopakwa kwa brashi.

Cha pili ni mwanya wa lenzi, tundu la kupitisha mwanga: huandikwa kwa f, na namba ikiwa kubwa tundu ni dogo. Sony inabaki f/4 hata ikivutwa hadi milimita 600, na FZ1000 II inabaki f/4 kwenye 400. P950 ikifika mwisho wake, milimita 2000, iko f/6.5. P1000 kwenye 3000 iko f/8. Mwanya ukibana hivyo, kamera inalazimika ama kupunguza kasi ya shata (pazia la mwanga), picha itikisike, ama kupandisha ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga), picha ijae chenga.

Halafu kuna jambo ambalo halimo kwenye tangazo lolote. Saa sita mchana hewa juu ya maji ya Ghuba ya Mnazi inachezacheza kwa joto. Kadiri unavyovuta, ndivyo unavyoipiga picha hiyo hewa: jahazi lililo mbali linatoka limepindapinda kama linachemka, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayotibu hilo. Milimita 3000 utazifaidi saa kumi na mbili mpaka saa mbili asubuhi, tena siku hewa imetulia. Baada ya hapo umebeba mzigo wa gramu 1,415 bure. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuishusha P1000 hadi mkiani.

1. Sony RX10 IV

Ilitoka mwaka 2017 na bado sijaona ya jamii yake inayoipita kwa mchanganyiko wa kazi. Lenzi ni Zeiss, milimita 24 hadi 600, f/2.4 hadi f/4. Inapiga picha 24 kwa sekunde huku ikiendelea kumfuata anayekimbia. Kwenye uwanja wa mpira wa Nangwanda Sijaona, ukikaa nyuma ya goli, unamfikia mshambuliaji katikati ya uwanja bila kuhama, na ikitokea kona unarudisha lenzi umpate kipa na msitu wa watu mbele yake. Kwa wanaotaka nyangumi wanaopita kwetu miezi ya Julai hadi Oktoba, kasi hiyo ndiyo kila kitu, kwa sababu mkia unapanda na kuzama kabla hujasema neno.

Ni pekee katika hizi tano iliyozibwa dhidi ya vumbi na unyevu. Haimaanishi uitumbukize majini. Maana yake ni kwamba marasharasha ya ngalawa hayatakukatisha kazi.

Sasa kasoro zake, na si ndogo. Bei ilipotoka ilikuwa dola 1,700, yaani zaidi ya shilingi milioni 4 kabla ya usafiri na kodi. Ina gramu 1,095. Shingo itakuuma mkanda ukiwa mwembamba. Ile f/2.4 inayosifiwa inapatikana kwenye upana tu: ukifika karibu milimita 100 tayari uko f/4. Skrini inainuka na kushuka, haigeuki kukutazama. Betri inatoa picha 400 hivi, ila aina yake, NP-FW50, ndiyo inayotumiwa na Sony a6000, kwa hiyo ya ziada haisumbui kuipata.

Ukiiona RX10 III iliyotumika kwa bei nzuri, lenzi ni ileile. Unachopoteza ni wepesi wa fokasi. Kwa magofu ya Kilwa na mandhari hutaona tofauti. Kwa mpira na ndege utaiona.

2. Panasonic FZ1000 II

Hii ndiyo ninayowashauri vijana wanaoanza kazi. Ilitoka 2019 kwa dola 900, karibu nusu ya bei ya Sony, na picha zake mchana zinakaribiana nayo sana. Lenzi ni Leica, milimita 25 hadi 400. Uzito ni gramu 808. Skrini inageuka upande, kwa hiyo anayejirekodi mwenyewe anajiona.

Utakosa zile milimita 200 za mwisho, na haijazibwa. Pia, ukirekodi video ya 4K inakata pembeni hadi upana unakuwa kama wa milimita 37. Kwenye chumba kidogo chenye bibi harusi na mashangazi saba utagonga ukuta kwa mgongo. FZ1000 ya kwanza, ya 2014, bado ni kamera nzuri ukiikuta imetunzwa.

3 hadi 5

P950 inavuta hadi milimita 2000 na ina gramu 1,005. Mtu anayekaa kwenye mikoko ya Mikindani asubuhi akisubiri korongo na mdiria atapata picha ambazo Sony haitamfikishia. Nje ya kazi hiyo haina nguvu. SX70 ni nyepesi, gramu 610, inafaa msafiri wa mchana. P1000 nimeshaisema.

Zumu hizi zote zinakuja na wajibu. Kumkata mtu picha usoni kutoka mbali bila yeye kujua si ufundi, na mambo ya jando na unyago hayapigwi kwa kujificha. Hata mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde inayochezwa hadharani, muone mwenye ngoma kwanza. Ukishakubaliwa utakaribia, na picha ya karibu itakuwa bora kuliko ya milimita 600.

Nani asinunue kabisa

Kama mkate wako ni harusi za usiku ukumbini, acha hizi zote. Tafuta kamera iliyotumika yenye sensa ya APS-C, kubwa mara tatu hivi kuliko hii ya inchi 1, na lenzi ya milimita 50 f/1.8. Utatumia hela kidogo kuliko ya Sony na nyuso zitatoka safi.

Ukinunua iliyotumika

Kwenye kamera hizi lenzi inatoka na kurudi ndani, na ikitoka inavuta hewa pamoja na vilivyomo. Vumbi likifika kwenye sensa huwezi kulifuta mwenyewe; lazima fundi aifungue yote. Kwa hiyo, kabla ya kutoa hela, weka f/8, elekeza ukuta mweupe, piga, kisha kuza picha utafute madoa. Vuta lenzi mpaka mwisho na uirudishe mara kadhaa huku sikio likiwa karibu: ikikwaruza, rudisha kamera kwa mwenyewe. Mulika tochi ya simu ndani ya lenzi uangalie nyuzinyuzi nyeupe. Hizo ni kuvu, na joto la unyevu la kwetu linazilea.

Ukishaipata, usiizime ukiwa ufukweni kabla ya kufuta. Angalia ukingo wa bomba la lenzi: utaona chembe nyembamba za mchanga zimejipanga kama duara. Zipulize kwa kipulizio cha mpira, pitisha kitambaa kikavu, ndipo uzime. Nyumbani iweke kwenye boksi la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu, na uvibadilishe vikishajaa unyevu.

Ukiagiza kutoka nje, jumlisha ushuru na VAT ya asilimia 18 kabla ya kulinganisha na bei ya dukani, na uulize kwa maandishi warantii inatambuliwa Tanzania au la.