Somo la usanifu wa kompyuta, darasa la jioni Dar: uzoefu wangu

Nimemaliza muhula wa somo la utangulizi la usanifu na mpangilio wa kompyuta kwenye chuo kimoja hapa Dar. Mimi ni fundi kompyuta Kariakoo, nilitaka kujua vifaa ninavyobadilisha kila siku vinafanyaje kazi ndani.

Mwalimu anafundisha ubaoni, na hapo ndipo aliponipata. Kutoa 3 kwenye 5 tulifanya kwa biti 8, yaani tarakimu nane za 0 na 1. Andika 3, yaani 00000011. Geuza kila sifuri iwe moja na kila moja iwe sifuri, ongeza 1, unapata 11111101. Hiyo ndiyo hasi 3. Ijumlishe na 00000101, moja inayozidi kushoto itupe, inabaki 00000010: mbili. Kwa hiyo saketi ile ile ya kujumlisha ndiyo inayotoa! Watu waligoma kutoka darasani mpaka kila mmoja ajaribu namba zake.

Mzunguko wa kuchukua amri, kuifasiri na kuitekeleza tuliufuata kwenye karatasi, rejista (vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa) moja baada ya nyingine. Historia ilipita haraka: ripoti ya John von Neumann ya 1945 kuhusu amri na data kukaa kwenye kumbukumbu moja, kisha Intel 4004, prosesa ya chipu moja, ya 1971. Inatosha.

Sura ya kumbukumbu peke yake imerudisha ada yangu. Kutoka rejista kwenda kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka karibu na prosesa), RAM (kumbukumbu kuu ya kazi) hadi diski, nafasi inaongezeka na kasi inashuka. RAM hujibu ndani ya nanosekunde kama 100. Diski ya kuzunguka inachukua milisekunde kadhaa, makumi ya maelfu ya mara zaidi. Sasa mteja akisema mashine yake nzito, naangalia kwanza RAM imejaa kiasi gani. Ikijaa, mfumo unahamishia mizigo diskini na kila kitu kinakwama. Kama haijajaa, kumuuzia RAM nyingine ni kumlia hela yake bure, namshauri aweke SSD, diski isiyozunguka.

Maabara ndiyo iliyoniudhi. Mashine ni chache, mnabanana watatu kwenye moja, na anayeshika kibodi ndiye anayejifunza. Paipulaini (prosesa kuanza amri inayofuata kabla iliyotangulia haijaisha), mada ngumu kuliko zote, ilisukumwa mwishoni mtihani ukiwa mlangoni.

Ukitaka kujiunga, zoea kwanza namba za kizio cha 2 (0 na 1 tu) na cha 16 (0 hadi 9, kisha A hadi F), maana mwalimu hasubiri mtu. Na chuo kiongeze mashine kabla ya kupokea darasa lingine.