Guédelon: Mahali pa Kujifunzia Ujenzi wa Ngome za Zama za Kati

Kwa yeyote anayetaka kuelewa jinsi ngome za Ulaya zilivyojengwa katika zama za kati, sijaona mahali panapofundisha vizuri kuliko Guédelon, ngome inayojengwa msituni karibu na kijiji cha Treigny, Burgundy, nchini Ufaransa. Ngome nyingine nyingi zimekwisha kubomoka au kukarabatiwa mara kadhaa, na mgeni huonyeshwa kuta bila kuelezwa ziliinuliwaje. Hapa kazi inaendelea mbele ya macho yake, na mwashi huweka tindo chini ili ajibu swali.

Mradi huu ulianzishwa na Michel Guyot pamoja na Maryline Martin, na ujenzi ulianza mwaka 1997. Waanzilishi walibuni kisa cha kabaila wa cheo cha chini aliyeanza kujenga mwaka 1228, wakachagua ramani ya mtindo ulioenezwa na mfalme Philippe Auguste: kuta nene, minara ya duara kwenye pembe, lango lililobanwa na minara miwili, na handaki kavu. Mahali penyewe palichaguliwa kwa sababu mawe, mialoni, mchanga na maji vyote vinapatikana hapo hapo, jambo linalomfanya mgeni atambue mapema kwamba usafirishaji wa mawe ulikuwa mzigo mkubwa kwa mjenzi wa zama hizo.

Sehemu iliyonifunza zaidi ni ya vipimo. Mafundi hutumia kamba yenye mafundo 13 yanayoigawa katika nafasi 12 zilizo sawa. Kamba hiyo ikivutwa iwe pembetatu yenye pande za nafasi 3, 4 na 5, hupatikana pembe mraba iliyo sahihi, hivyo hata fundi asiyejua kusoma aliweza kunyoosha msingi wa jengo kubwa. Mawe mazito hupandishwa kwa winchi yenye magurudumu ya mbao, ambayo watu hutembea ndani yake huku kamba ikijizungusha kwenye mhimili. Ukiuliza kwa nini ukuta umeachwa na matundu madogo ya mraba, utaonyeshwa kwamba ndimo boriti za jukwaa la waashi zilimopita. Na ukiingia mnarani utaona mwanya wa kurushia mishale, ulio mwembamba kwa nje, ukipanuka kwa ndani ili mpiga mishale apate nafasi ya kulenga pande mbalimbali.

Chokaa nayo inaelezwa kwa makini: hukauka polepole, na baridi kali huiharibu, ndiyo maana uashi husimama majira ya baridi. Msomaji wa Lamu au Zanzibar, ambako chokaa ilichomwa kutokana na matumbawe, atafuata maelezo hayo bila taabu. Ujuzi huu si maonyesho matupu, kwani baada ya moto wa mwaka 2019 baadhi ya maseremala waliopitia Guédelon walishiriki kulijenga upya paa la kanisa la Notre-Dame jijini Paris.

Upungufu upo. Kazi huendeshwa kwa Kifaransa, na anayetaka kujiunga na mafunzo ya kushika nyundo mwenyewe kwa siku chache sharti aielewe lugha hiyo na aweke nafasi mapema. Aidha, anayetamani kujifunza kutengeneza deraya, yaani mavazi ya chuma ya kujikinga vitani, hatapata mafunzo kamili hapa, kwa kuwa mhunzi hushughulika hasa na kunoa na kufua zana za waashi na maseremala. Hata hivyo nashauri asimame kwenye fuawe kwa muda mrefu, kwa sababu namna ya kusoma joto la chuma kwa rangi yake ndiyo msingi wa kazi zote za uhunzi, deraya ikiwemo.

Kwa deraya zenyewe, apange pia siku ya kuzuru jumba la makumbusho ya jeshi lililoko Les Invalides jijini Paris, lenye mkusanyo mkubwa sana wa mavazi ya vita. Akifika huko, azitafute kwanza deraya za pete, ambazo ndizo zilizovaliwa na mashujaa wa farasi wa miaka ya 1220, kabla ya deraya kamili za mabamba kuenea. Achunguze jinsi kila pete inavyoshikana na nyingine nne, na jinsi ncha zake zinavyofungwa kwa ribiti ndogo.