Waya wa SATA kwenda USB: nilivyohamisha faili zote za nyumbani kutoka kompyuta ya zamani

Waya huu, unaounganisha hadidiski iliyotolewa kwenye kompyuta moja na tundu la USB la kompyuta nyingine, niliununua kwa kazi moja tu: kuhamisha kila kitu kilichokuwa kwenye kompyuta ya mezani ya wazazi wangu, Tanga, kwenda kwenye laptop yao mpya. Kazi imeisha, faili zimefika zote, na tangu hapo waya wenyewe haukai nyumbani, kila mara kuna ndugu au jirani anakuja kuuazima. Namwandikia yeyote mwenye kompyuta kuukuu anayejiuliza aanzie wapi, maana maelezo mengi niliyoyakuta yanampeleka mtu moja kwa moja kwenye intaneti, na nyumba nyingi bado zinaishi kwa bando la simu.

Ile ya zamani inatumia Windows 7. Kwa sisi watumiaji wa nyumbani, masasisho ya usalama ya Windows 7 yalikoma Januari 14, 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha Oktoba 14, 2025. Windows 11 haiikubali mashine ya umri ule, inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Kubadilisha kukawa hakuepukiki.

Ndani yake mlikuwa na karibu GB 300. Baba ni mwalimu mstaafu, kwa hiyo mna mitihani aliyotunga miaka yote ya kazi. Mna hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa ambacho mama ni mweka hazina wake. Mna picha za tangu enzi za kamera ndogo za dijitali, video ya harusi ya dada, na sauti za bibi akisimulia habari za ukoo, zilizorekodiwa kwa simu ya vitufe kabla hajafariki. Sauti hizo hazipo mahali pengine popote duniani. Kwa ajili yake peke yake nilikataa njia yoyote ya kubahatisha.

Njia nyingine nilizipima kwanza. Microsoft waliwahi kuwa na programu ya kuhamishia vitu, Windows Easy Transfer, iliyokuwamo kwenye Windows 7. Kuanzia Windows 10 haipo tena. Siku hizi wanakupitisha OneDrive, ambako nafasi ya bure ni GB 5. Google wanatoa GB 15. Hata ukilipia nafasi, piga hesabu: GB 300 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde ni siku tano na nusu, usiku na mchana bila kukatika, na hapo hujaanza kushusha upande wa pili. Kwa bando, hapana.

Flashi ina tatizo lake ambalo wengi hawalijui hadi liwakute. Flashi nyingi zinakuja na mfumo wa FAT32, na huo haupokei faili moja inayozidi GB 4. Video ya harusi ina GB 6 na ushee, basi inagoma hata kama flashi ina nafasi tupu ya kutosha. Ukiifomati kwa exFAT, mfumo usio na kikomo hicho, itapita, ila bado utakwenda na kurudi kwa mafungu, na kwenye mafungu ndiko folda husahaulika. Kuunganisha kompyuta mbili kwa waya wa mtandao ni njia nzuri kweli, lakini lazima ile ya zamani iwe inawaka na kutulia. Ya kwetu ilikuwa inajizima yenyewe ikipata joto. Kwa waya wa SATA, mashine inaweza kuwa imekufa kabisa. Ilimradi hadidiski ni nzima, vitu vyako vipo.

Sasa kifaa chenyewe. Madukani Kariakoo utakuta aina mbili zinazofanana sana, na tofauti yake ni kubwa. Hadidiski ya laptop, ile ndogo ya inchi 2.5, inatosheka na volti 5 zinazotoka kwenye tundu la USB. Hadidiski ya kompyuta ya mezani, ya inchi 3.5, inataka na volti 12, ambazo USB haitoi. Ukiichomekea waya mtupu haitazunguka kabisa, na mtu anaweza kudhani diski imekufa. Kijana wa dukani alijua kazi yake. Kabla hajatoa chochote aliniuliza, "Kaka, diski ni ya laptop au ya desktop?" Nilipomjibu akanipa wenye adapta yake ya kuchomeka ukutani. Nililipa shilingi 40,000. Huo wenye adapta unasoma saizi zote mbili, kwa hiyo hata kama leo una laptop, nashauri uuchukue huo.

Hakikisha pia ni wa USB 3, na uuchomeke kwenye tundu la USB 3, ambalo kwenye mashine nyingi lina rangi ya buluu ndani. Kwa USB 2.0, ukipata megabaiti 35 kwa sekunde umepata, na GB 300 zitakula zaidi ya saa mbili na dakika ishirini. Kwa USB 3 hadidiski ya kawaida inaweza kufika megabaiti 100 kwa sekunde kwenye faili kubwa. Picha ndogo ndogo kwa maelfu zitakupunguzia kasi popote pale, hilo lizoee.

Kufungua kompyuta ya mezani kunatisha kuliko kulivyo. Chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kidogo ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha, kisha fungua ubavu. Hadidiski yetu ilishikwa kwa skrubu nne, mbili kila upande, bisibisi ya nyota ikatosha. Ina nyaya mbili zinazoingia nyuma: mwembamba wa data na mpana wa umeme. Shika kichwa chenyewe, vuta kikinyooka, usikiyumbishe kushoto na kulia, kwa sababu ndani ya tundu la diski kuna kiulimi cha plastiki chenye umbo la herufi L, na kile kikivunjika diski nzima inakuwa haina pa kushikia waya. Niliifuta vumbi, nikailaza juu ya meza ya mbao, kibandiko juu, nikachomeka waya, USB, halafu adapta. Ikaanza kuvuma taratibu, kasi ikapanda, na baada ya muda mfupi laptop ikaonyesha diski mpya yenye herufi F.

Kabla ya kunakili chochote nilipima afya yake kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure. Ikikuandikia Good, endelea. Ikikupa Caution, anza na vile usivyoweza kuvipata tena na uache filamu za mwisho. Na kama diski inagonga "tak, tak, tak" bila kuonekana kwenye kompyuta, chomoa umeme na usiijaribujaribu. Kila ukiiwasha unaweza kuwa unaipunguzia nafasi ya kuokolewa. Hiyo ipeleke kwa anayeokoa data kwa kazi.

Ukifungua folda ya mtumiaji wa zamani, Windows itakuambia huna ruhusa. Usiogope, faili hazijafungwa kwa siri yoyote, ni kwamba mwenyewe anatambuliwa kuwa mtumiaji wa mashine nyingine. Ungeweza kubonyeza Continue na kusubiri, halafu ukaburuta folda kwa kipanya. Mimi nilitumia robocopy, amri ya kunakili faili ambayo imo ndani ya Windows tangu Vista na haihitaji kupakuliwa. Nilifungua dirisha la amri kama msimamizi, nikaandika:

robocopy F:\Users C:\Nyumbani /E /XJ /B /R:1 /W:1 /TEE /LOG:C:\ripoti.txt

Hiyo /E inachukua folda zote na zilizomo ndani yake, hata zilizo tupu. /B ndiyo inayopita kizuizi cha ruhusa. /XJ ni ya lazima: ndani ya AppData, folda ambamo programu huweka mipangilio yake, kuna njia za mkato zinazojirudia, na bila /XJ unakili unaweza kuzunguka humo humo. /R:1 na /W:1 zinaiambia ijaribu faili mbovu mara moja zaidi baada ya sekunde moja. Usipoziandika, kawaida yake ni kujaribu mara 1,000,000, ikisubiri sekunde 30 kila mara, kwa hiyo faili moja iliyoharibika inaweza kukuwekea kazi nzima rehani.

Katikati ya folda ya picha umeme ukakatika. Laptop ikaendelea kwa betri, diski ikazimika kwa sababu adapta ilikuwa ukutani. Hapa ndipo nilipoipenda robocopy kabisa. Umeme uliporudi nilitoa amri ile ile, ikapita juu ya faili zilizokwishafika, zenye ukubwa na tarehe sawa, ikaendelea na zilizobaki. Ile iliyokatika katikati ikaanzwa upya. Ungekuwa umeburuta kwa kipanya, ungekaa unakisia ulipoishia. Hata hivyo, mwenye UPS, ile betri ya akiba ya umeme, aitumie. Diski inayozunguka haipendi kukatikiwa ghafla.

Mwishoni inakuja jedwali dogo lenye mistari ya Dirs, Files na Bytes, na safu za Total, Copied, Skipped, Mismatch, FAILED na Extras. Jicho lako liwe kwenye FAILED. Ya kwetu ilisoma sifuri kwenye folda na kwenye faili. Kama ina namba nyingine, fungua ripoti.txt utafute neno ERROR. Utaona jina la kila faili iliyogoma. Kwa video ya harusi nilikwenda mbele zaidi: nilitumia amri ya certutil -hashfile pamoja na neno SHA256 mwishoni, inayotoa msimbo mrefu wa kutambulisha faili, kwa nakala zote mbili, nikalinganisha herufi kwa herufi. Zilifanana. Kisha nikafungua picha moja moja kutoka kila mwaka na kuziangalia kwa macho, jambo ambalo halina mbadala.

Kuna vitu waya huu hauleti, na ni haki mnunuzi avijue. Programu hazihami; Office na programu ya printa utaziweka upya. Nywila zilizohifadhiwa kwenye Chrome zimefungwa kwa akaunti ya Windows ya zamani, hivyo kunakili folda yake hakutoshi. Kama mashine ya zamani bado inawaka, zitoe kwanza (Export) kwenye faili ya CSV, ziingize upande wa pili, kisha ifute faili hiyo mara moja, maana kila neno la siri limo humo wazi. Barua pepe za mama zilikuwa kwenye Thunderbird, na hizo zilihama zote kwa kunakili folda ya Profiles iliyo ndani ya AppData\Roaming. AppData imefichwa, watu wengi hunakili Documents na Pictures tu wakaiacha. Mtu akikuhamishia kompyuta, muulize hilo.

Sauti za bibi zilikuwa faili za AMR, kama simu nyingi za zamani zilivyorekodi. Kicheza muziki cha laptop hakikuzitambua, programu ya VLC ikazifungua bila shida. Mama aliposikia akasimama mlangoni, akaniambia, "Hebu irudishe pale anapowataja watoto wa shangazi." Tulizisikiliza zote. Nimeziweka pia kwenye flashi mbili na kwenye Google Drive, kwa kuwa zote kwa pamoja ni ndogo na GB 15 za bure zinatosha.

Kasoro za waya: ni mfupi, diski inabidi ikae karibu sana na laptop, na ukisogeza kompyuta kidogo unaweza kuuchomoa. Hauna kasha, diski inabaki uchi mezani, kwa hiyo watoto na chai vikae mbali. Diski ya inchi 3.5 inapata moto ikifanya kazi muda mrefu. Niliiwekea feni pembeni. Adapta haina swichi, unawasha na kuzima ukutani. Kabla ya kuzima, itoe diski kwa njia salama ndani ya Windows. Kwa bei ile, naipa nne kwa tano bila kusita.

Kuna fundi mmoja mtaani aliyetaka tumwachie mashine apige Windows upya na "vitu vya desktop" atuwekee kwenye flashi. Vitu vya desktop vilikuwa sehemu ndogo sana ya vilivyokuwamo, na kupiga Windows upya juu ya diski ile ile ndiko kunakofuta. Kwa wanaotegemea mafundi: toa nakala kwanza, ukae nayo mkononi, ndipo mtu aguse mashine. Diski ya zamani sijaifuta. Imefungwa vizuri na kuandikwa jina, na itabaki hivyo hadi wazazi wawe wameitumia laptop muda wa kutosha kugundua kama kuna kinachokosekana.

Kwa wenye mashine mpya zaidi, angalieni mambo mawili kabla ya kununua. Kwanza, laptop nyingi za sasa zina diski nyembamba ya M.2, na hiyo inataka kasha lake la USB. Huu wa SATA hauingii. Pili, laptop nyingi za Windows 11 husimba diski zenyewe, yaani hufunga data yake isisomeke bila ufunguo, na ukiitoa na kuichomeka kwingine utaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Wa wazazi wangu nimeuandika kwenye daftari la mama la kikundi, ukurasa wa kwanza kabisa.