Miaka sita na ERF EC11: injini haisumbui, kioo ndiyo shughuli

Nina kichwa cha ERF EC11, mtumba kutoka Uingereza, na mwaka huu kinatimiza miaka sita kikivuta tela Moshi–Dar. Kushuka ni mahindi na maharage, kupanda ni saruji. Nalipenda sana gari hili, na wengi huniuliza kama nao wanunue.

ERF ilikuwa kampuni ndogo. Edwin Richard Foden aliiacha kampuni ya ukoo wao, iliyong'ang'ania magari ya mvuke, akaanzisha yake Sandbach, Uingereza, mwaka 1933 kwa sababu aliamini dizeli. Injini hawakuunda. Walichukua zilizo bora, zamani Gardner, baadaye Cummins, wakafunga na giaboksi ya Fuller kadiri mteja alivyotaka. Ndiyo maana langu linaishi: kiwanda kimekufa, lakini nozeli na gasketi za Cummins M11, injini yake, napata.

Hiyo Fuller haina sinkronaiza, kile kinacholinganisha kasi ya gia kabla hazijaingia. Dereva wangu, mzee wa kazi, tukipandisha Boma Ng'ombe kwenda Arusha na mzigo kamili, hukanyaga klachi mara mbili, katikati anagusa mafuta kidogo, gia inaingia kimya. Asiyeizoea usimpe usukani. Kabini nayo ni fiberglasi juu ya fremu ya chuma, kwa hiyo ukienda kukagua usidanganywe na ngozi safi. Ingia uvunguni utazame fremu.

Mwaka jana, karibu na Same, jiwe lilivunja kioo cha mbele. Duka moja la spea likaniambia ERF zote ni moja. Nikalipa, kikaja kioo cha ECT, modeli ya ERF ya baadaye, hakikukaa kabisa. Na hakingekaa: ERF ilinunuliwa na Western Star ya Kanada mwaka 1996, kisha MAN ya Ujerumani mwaka 2000. MAN wakakuta hesabu za ERF zilipikwa kuficha hasara, wakaenda mahakamani London, wakashinda mwaka 2005. ECT iliyotoka mikononi mwao ni lori lao la MAN TGA lenye jina la ERF, na mwaka 2007 jina lenyewe likafutwa. Pesa yangu haikurudi.

Fundi wa Njiro alinitolea kioo kwenye EC11 iliyokufa, asubuhi nzima, taratibu. Baadaye akapata cha pili. Hicho kiko stoo, kimeviringishwa mablanketi mawili, na watoto nimewakataza kuingia humo.