Snuka ya wakongwe na Ubingwa wa Dunia: fainali ndefu au fupi?

Katika Ubingwa wa Dunia wa snuka, mchezo wa kugonga mipira mezani kwa fimbo, ambao umechezwa katika ukumbi wa Crucible mjini Sheffield tangu 1977, bingwa ni yule anayetangulia kushinda fremu 18 (fremu ni mchezo mmoja ndani ya mechi), na fainali huchukua siku mbili. Mashindano ya dunia ya wakongwe, yaliyoanza 1991 na kufufuliwa 2010, yamekuwa na fainali fupi zaidi, kwa mfano ya kutangulia kushinda fremu tano.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri kwa Jimmy White, aliyepoteza fainali sita za Ubingwa wa Dunia. Mwaka 1994, akiwa sare ya 17-17 na Stephen Hendry, alikosa mpira mweusi uliokuwa mahali pake pa kawaida, Hendry akamaliza kazi. Mwaka 2020, katika fainali ya wakongwe, alikuwa nyuma 0-4 dhidi ya Ken Doherty, kisha akashinda 5-4.

Fainali ndefu hupima uvumilivu na kumpa aliyeanza vibaya nafasi ya kujirekebisha, ilhali ile fupi haichoshi macho na mgongo, ingawa mara nyingi humwadhibu mapema anayechelewa kuchangamka. Binafsi naona fupi inawafaa wakongwe zaidi. Hata hivyo, umri si kikwazo kamili, kwani Ray Reardon alitwaa Ubingwa wa Dunia mwaka 1978 akiwa na miaka 45, na Ronnie O'Sullivan mwaka 2022 akiwa na 46.