Toyota Corolla Fielder ya 2013 yenye kilomita 41,300: tathmini baada ya miezi 14

Gari letu la zamani lilikuwa sedani ya miaka 19 iliyokwisha kutembea kilomita 312,000, na kilichotufanya tuachane nalo hakikuwa ubovu wa ghafla bali msururu wa matengenezo madogo yasiyoisha: mwezi huu rejeta, mwezi ujao beringi ya gurudumu, kisha injini ikaanza kula oili, karibu lita moja kila kilomita 1,000. Fundi wetu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alifunga boneti, akafuta mikono, akasema gari limeshafanya kazi yake. Kwa kuwa watoto nao walikuwa wamekua pamoja na mizigo yao, tuliamua kwamba gari litakalofuata liwe stesheni wagoni iliyotembea kilomita chache, tuingie humo na tusahau gereji kwa muda mrefu. Nusu ya matarajio hayo yametimia, na ile nusu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii kwa kirefu.

Sikutaka gari la juu, kwani nafasi ya ziada katika magari mengi ya namna hiyo huenda kichwani mwa abiria badala ya kwenda kwenye mizigo, na uzito wake hulipiwa kila unapojaza mafuta. Tulichagua Fielder ya toleo la tatu, ambalo mafundi huliita E160 na ambalo lilianza kuuzwa Japani mwezi Mei 2012. Injini yake ya 1NZ-FE ya cc 1,496 huendesha vali kwa cheni badala ya mkanda, jambo lililonivutia mapema, kwa sababu mkanda una tarehe ya kufa hata kama gari limelala kivulini. Ipo pia Fielder ya haibridi, yaani inayotumia petroli na umeme, iliyoanza mwezi Agosti 2013, lakini niliiepuka, si kwa ubaya wake, bali kwa sababu betri kubwa ya gari lililokaa bila kutembea ni jambo ambalo sina vifaa vya kulipima.

Gari la kwanza tulilokwenda kuliona lilikuwa na kilomita 28,000 kwenye dashibodi. Lilikuwa limeoshwa likang'aa na muuzaji alikuwa mkarimu mno, ila mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika upande mmoja na usukani umekuwa laini kama kipini cha jembe la zamani, na hivyo viwili havikukubaliana na kilomita zile. Nilipofungua mlango wa dereva nilikuta kibandiko kidogo cha Kijapani, kile ambacho mafundi wa huko hubandika kila wanapobadilisha oili, nacho kilikuwa na mwaka 28 na tarakimu 83,412. Mwaka huo ni wa enzi ya Heisei, kwa kalenda ya Kijapani. Ukijumlisha 1988 unapata 2016. Yaani gari lilikuwa limefika kilomita 83,000 mwaka 2016, kisha likarudi kuwa changa. Nilimwonyesha muuzaji, akakitazama kibandiko, akanitazama mimi, akasema, "Kaka, hicho huenda ni cha gari jingine." Tuliagana vizuri.

Tangu siku hiyo nilianza kutafuta karatasi kabla ya kutazama rangi. Gari la Japani hufanyiwa ukaguzi wa lazima baada ya miaka mitatu ya kwanza na kisha kila baada ya miaka miwili, na kilomita za wakati huo huandikwa kwenye hati. Gari tulilonunua lilikuwa na hati hiyo: kilomita 31,000 mwaka 2020, kilomita 36,000 mwaka 2022, na 41,300 lilipofika mikononi mwetu mwaka 2024. Mwendo ule wa taratibu usiorukaruka ulinipa imani kuliko kilomita zenyewe.

Hata hivyo, furaha ya kilomita za kweli ilinifanya nisiulize swali lililofuata. Kilomita 41,300 kwa miaka 11 ni wastani wa kilomita 10 kwa siku. Gari linalotembea hivyo, yaani kwenda dukani, kumchukua mtoto shuleni na kurudi nyumbani, mara nyingi huzimwa kabla injini haijapata joto kamili, na oili isiyopata joto haitoi mvuke wa maji wala petroli inayovujia ndani yake, bali huvihifadhi. Fundi alipofungua kifuniko cha kujazia oili alikuta utando wa rangi ya maziwa upande wa chini. Kwa hofu yangu nilidhani gasketi imeungua. Akaniambia ni unyevu tu wa safari fupi, akamwaga oili, akaweka nyingine, na akataka gari lirudi baada ya kilomita 2,000 aimwage tena. Utando haukurudi.

Matairi ndiyo yaliyonifundisha zaidi. Kashata zake zilikuwa nene kiasi kwamba mtu angeapa ni mapya, lakini ubavuni mwa kila tairi kulikuwa na namba nne za mwisho 2113, yaani wiki ya 21 ya mwaka 2013, na ukikunja mpira kwa kidole gumba ulionyesha nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka. Tulibadilisha yote manne kabla ya safari ndefu ya kwanza. Betri ilikata roho katika wiki ya tatu. Mkanda wa nje unaozungusha jenereta ulikuwa umepasuka mbavu, mafuta ya breki yalikuwa meusi, na maji ya rejeta ya rangi ya waridi, ambayo Toyota huagiza yabadilishwe kwa mara ya kwanza baada ya kilomita 160,000 au miaka saba, kwa lolote litakalotangulia, yalikuwa yamevuka miaka kumi bila kufikia hata theluthi ya kilomita hizo. Maneno hayo, "kwa lolote litakalotangulia", yamo katika kila kitabu cha gari, na nakiri kwamba kwa miaka yote niliyomiliki gari sikuwahi kuyasoma kama yananihusu, kwa kuwa gari langu la zamani lilitembea sana na kilomita ndizo zilizotangulia daima.

Kuna mfano mkubwa zaidi wa jambo hilo, na kila anayenunua gari la umri huu aukumbuke. Kemikali ya kufyatua mifuko ya hewa (ile inayomkinga abiria gari linapogonga) iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani, nitrati ya amonia, iliharibika kwa joto na unyevu kadiri miaka ilivyopita, bila kujali gari limetembea kiasi gani. Makumi ya mamilioni ya magari ya makampuni mengi, Toyota ikiwamo, yaliitwa kurekebishwa, na Takata yenyewe ikafilisika mwaka 2017. Kukagua ni kuingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya mtengenezaji na kusubiri jibu. Letu halikuwa na wito wowote wa kurekebishwa uliobaki, nami nililala vizuri zaidi usiku huo.

Baada ya hayo yote kumalizika ndipo tulipolifahamu gari lenyewe, na hapa sina budi kulisifu. Upana wake ni milimita 1,695 na urefu milimita 4,360, hivyo linaegeshwa pale sedani yetu ilipokuwa ikiegeshwa, na usukani ni mwepesi mno kwenye kona za kubana. Nguvu za farasi 109 hazimfanyi mtu ajisifu, lakini kwa watu wanne na mizigo ya kawaida zinatosha. Giaboksi ya CVT, yaani ya otomatiki isiyo na gia za hatua, huenda kwa ulaini usiokatika, isipokuwa kwenye mlima mrefu na mzigo kamili, ambapo injini hupanda mizunguko na kubaki pale pale ikinguruma kama cherehani inayoshona turubai, wakati mwendo unaongezeka polepole. Aliyezoea giaboksi ya kawaida hudhani kitu kinateleza. Hakitelezi, ndivyo ilivyoundwa, na ukilegeza mguu kidogo kelele inashuka bila gari kupoteza mwendo mwingi. Mafuta yake nilibadilisha pia, nikasisitiza yawe ya CVT yaliyotajwa na mtengenezaji, kwani yale ya giaboksi ya otomatiki ya kawaida huiharibu.

Kuhusu petroli, nimekuwa nikijaza tangi hadi juu na kugawanya kilomita kwa lita kila mara, na kwa kilomita 19,000 tulizotembea wastani ni kilomita 14.2 kwa lita katika mchanganyiko wa mjini na barabara kuu. Sedani ya zamani ilikuwa imeshuka hadi 9. Oili haijapungua kwa kiwango ninachoweza kukiona kwenye kijiti kati ya badilisho moja na jingine, na bado huwa nakichomoa kila Jumamosi kwa mazoea ya gari lililopita.

Buti ndilo lililotuleta huku, nalo halikutuangusha. Tofauti yake na buti la sedani haipo sana katika lita bali katika mlango: sedani yetu ilikuwa na buti lenye kina lakini mdomo mwembamba, kiasi kwamba kigari cha mtoto kilibidi kifunguliwe magurudumu ndipo kiingie. Katika Fielder kinaingia kizima, na mabegi mawili yanakaa ubavuni mwake. Kiti cha nyuma hugawanyika vipande viwili na kulala kwa kuvuta kishikio kilichopo ndani ya buti, bila kuzunguka kwenye milango, hivyo mmoja akiwa na mikono miwili iliyojaa bado anaweza kupanga nafasi. Tumebeba baiskeli mbili, meza iliyofunguliwa miguu, na siku moja jokofu dogo, japo hilo la mwisho lilituacha na mlango uliofungwa kwa kamba. Sehemu za kufungia viti vya watoto zipo pande zote mbili za nyuma, na kiti cha kati kinamfaa mtoto au mtu mzima mvumilivu.

Kasoro za kila siku ni ndogo lakini hazikosekani. Redio yake huanzia megahezi 76 na kuishia 90, masafa ya Japani ya wakati huo, kwa hiyo nje ya huko vituo vingi havisikiki mpaka ufunge kifaa cha kuhamisha masafa au ubadilishe redio nzima, kama tulivyofanya sisi. Kioo cha ramani kilizungumza Kijapani kwa adabu kila gari lilipowashwa, na watoto walisikitika kilipoondolewa. Kelele za matairi huingia kupitia buti, kwa kuwa hakuna ukuta kati yake na abiria, na gari liko chini kiasi kwamba kwenye njia mbovu likiwa limejaa utasikia tumbo likigusa. Anayeishi mwisho wa njia kama hiyo, au mwenye familia ya watu sita, atafute kitu kingine.

Kama ningeanza upya ningetafuta ya mwaka 2015 kuendelea, kwa sababu ndipo Toyota ilipoanza kuweka katika Fielder mfumo wa kamera na leza unaoonya na kufunga breki kabla ya kugonga. Ningeomba pia fundi aandike mapema orodha ya vyote vinavyozeeka kwa miaka, niipeleke mezani wakati wa kupatana bei, badala ya kuvigundua kimoja kimoja nikiwa nimekwisha kulipa.

Kitu kimoja hakikuja na gari kabisa, nalo ni pazia la kufunika buti, ambalo nimeambiwa hupotea katika magari mengi ya aina hii kabla hayajauzwa. Bila hilo kila mpita njia anaona ulichobeba. Nililitafuta kwa miezi mitano, nikalipata kwenye gari lililokuwa likikatwa vipuri. Ni la kijivu ilhali ndani ya gari letu ni peusi, na linakwama kidogo upande wa kulia.